Salio limekauka, ankara haifanani: kutafuta chanzo pale domeni ya premiamu inapohuishwa

Jumatatu moja asubuhi nilifungua biro (ofisi) yetu ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, nikawasha kompyuta kabla hata ya kuchemsha maji ya chai, nikakuta salio letu kwa msajili, kampuni tunakonunulia wateja wetu domeni, yaani majina ya tovuti, limebaki dola moja na nusu. Ijumaa jioni nililiacha likiwa dola 212. Hakuna mtu aliyeingia kwenye akaunti. Nilipofungua orodha ya makato nikaona mstari mmoja wa Jumamosi usiku: jina moja, mwaka mmoja, dola 130. Chini yake, Jumapili, .com saba zimehuishwa kwa dola 11.50 kila moja, kisha nyingine nne zimekataliwa kwa kukosa pesa. Mwenye moja ya hizo nne ni daktari wa meno. Barua pepe zake zilikuwa zimekatika tangu alfajiri, na alikwisha nipigia simu mara sita.

Jina la dola 130 lilikuwa la mama mmoja muuza vitenge. Yeye alikuwa amenilipa dola 18, bei yetu ya kawaida ya kiishio kile (kipande cha mwisho cha jina, kama .com), wala hakukosea: ndivyo fakitire yangu, yaani ankara, ilivyosema.

Tangu siku hiyo nimeliona tatizo hili katika sura nyingi, kwangu na kwa wenzangu wanaouza upangishaji wa tovuti hapa mjini, Likasi na Kolwezi. Nazieleza hapa dalili jinsi zinavyojitokeza, pamoja na chanzo nilichokikuta nyuma ya kila moja. Karibu zote zina mzizi mmoja: sisi wachuuzi tumezoea kupanga bei kwa kiishio, .com kiasi hiki, .net kiasi kile, na bei ya premiamu haikai kwenye kiishio. Inakaa kwenye jina.

Kwanza, ni premiamu ipi?

Usiguse mpangilio wowote kabla ya kujibu swali hili, kwa sababu vitu vitatu tofauti vinaitwa premiamu na dawa ya kimoja ni sumu kwa kingine.

Kuna jina ambalo mtu alikwisha liandikisha zamani na sasa analiuza sokoni. Ukiona .com yenye bei ya dola 2,000, ni ya namna hii. Hizo elfu mbili anachukua mwenye jina, mara moja tu, na baada ya hapo unahuisha kwa bei ya kawaida. Kwenye .com haiwezi kuwa vinginevyo: Verisign, anayesimamia kiishio hicho, hana madaraja ya bei. Ana bei moja ya jumla kwa majina yote, ambayo tarehe 1 Septemba 2024 ilipandishwa hadi dola 10.26 kwa mwaka.

Kuna jina ambalo halijachukuliwa na mtu, ila msimamizi wa kiishio amelitenga kwa sababu ni fupi au ni neno linalotafutwa, akalipangia bei kubwa ya kuliandikisha. Mwaka wa kwanza unalipa sana, miaka inayofuata unalipa kama majina mengine.

Na kuna la tatu, lile lililonila mimi. Msimamizi amelitenga vilevile, lakini bei kubwa inarudi kila mwaka. Fikiria meza sokoni. Kuna mtu anayenunua nafasi ya meza mara moja, kisha analipa ushuru sawa na majirani zake. Na kuna mtu aliyepewa meza ya mlangoni kwa sharti kwamba ushuru wake utakuwa mara saba ya wengine maadamu amekaa pale. Wote wawili watakuambia wana nafasi nzuri. Tofauti yao utaijua siku ya ushuru.

Madaraja haya yameenea hasa kwenye viishio vipya vilivyofunguliwa na ICANN, shirika linaloratibu majina ya mtandao duniani, kuanzia miaka ya 2013 na 2014, lakini baadhi ya viishio vya nchi navyo vinayo.

Dalili: mteja amelipa kidogo, salio limekatwa nyingi

Hii ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu haipigi kelele. Mteja ameridhika, jina limehuishwa, programu ya ankara inaonyesha rangi ya kijani. Hasara unaiona ukihesabu salio, na wengi wetu hatuhesabu mpaka likauke.

Chanzo cha kawaida ni jina lililoingia kwenye programu kwa mlango wa nyuma. Mteja akinunua domeni mwenyewe kwenye tovuti yako, programu (wengi wetu tunatumia WHMCS) inaweza kumuuliza msajili bei, ikaona ni premiamu, ikahifadhi alama hiyo pamoja na gharama ya kuhuisha. Lakini nani hapa ananunua hivyo? Mteja wetu anakuja biro, anakaa kwenye kiti, anasema jina analotaka, anatoa noti. Wewe unafungua ukurasa wa msajili, unaliandikisha kwa mkono, halafu jioni au kesho yake unalijaza kwenye programu ya ankara. Kwa njia hiyo alama ya premiamu haipo. Programu inaona kiishio tu, na mwaka ukifika inachukua bei kwenye jedwali la viishio.

Ndivyo nilivyofanya na jina la mama wa vitenge. Mwaka wa kwanza alilipa dola 145, mimi nikanunua kwa 130, nikafurahia kumi na tano zangu. Nilidhani nimenunua nafasi ya meza. Kwenye ukurasa wa msajili, chini ya bei, palikuwa na mstari mdogo wa kijivu unaosema jina litahuishwa kwa bei ileile. Nimerudi kuuangalia baadaye. Upo, na unasomeka.

Chanzo cha pili ni swichi ya premiamu iliyozimwa kwenye mpangilio wa programu, au iliyowashwa baada ya majina kadhaa kuwa yamekwisha ingia. Kuiwasha leo hakurekebishi rekodi za jana. Lazima uzifungue moja baada ya nyingine.

Chanzo cha tatu ni kujihuisha kunakowashwa sehemu mbili. Programu yako ina ratiba yake, na msajili ana swichi yake ya kujihuisha ambayo mara nyingi huwa imewashwa toka mwanzo. Hapo jina linaweza kuhuishwa usiku kabla mteja hajalipa hata senti, na salio lako ndilo linalomkopesha. Kwa domeni ya dola 11 ni jambo la kucheka. Kwa domeni ya 130 ni daktari wa meno anayepiga simu mara sita.

Jinsi ya kuhakikisha: toa orodha ya majina yako yote kwa msajili, weka pembeni .com na .net, na yanayobaki uliza bei ya kuhuisha ya kila moja. Usipoteze muda kutafuta jina kama lipo huru, maana utajibiwa tu kwamba limechukuliwa. Swali la bei ni tofauti na swali la upatikanaji. Kanuni ya ada katika EPP, ile lugha ambayo wasajili na wasimamizi wa viishio huzungumza kati yao, ilichapishwa mwaka 2020 kama RFC 8748, na inaruhusu kuuliza ada ya kuandikisha, ya kuhuisha, ya kuhamisha na ya kurudisha, kila moja peke yake. Kama ukurasa wa msajili wako unakuonyesha bei moja tu, mwandikie akupe bei ya kuhuisha kwa majina uliyonayo. Ni haki yako kama mnunuzi wa jumla, na ni barua ya mistari mitatu.

Mimi nilikuwa na majina 64 yasiyo .com wala .net. Kazi ilichukua alasiri mbili, umeme ukikatika katikati, na nilipata mengine mawili ya namna hiyohiyo. Moja lilikuwa limebakiza siku tisa.

Rekebisho lenyewe ni la mikono, na sioni aibu. Kwenye rekodi ya kila jina la premiamu unaandika kiasi halisi cha kuhuisha, unazima ile hesabu ya kujirudia inayorudisha bei ya jedwali kila unapobonyeza hifadhi, unazima kujihuisha kwa msajili, na unaacha ankara ilipwe kwanza ndipo agizo liende. Nje ya programu nina daftari la kurasa mraba. Kila jina lina ukurasa wake: lilinunuliwa lini, kwa gharama gani, linahuishwa kwa gharama gani, aliyeambiwa ni nani, aliambiwa siku gani. Vijana wa biro wananicheka kwa daftari hilo. Halijawahi kuzima.

Dalili: ankara ya mwaka wa pili imeruka na mteja amekuja juu

Hapa usikimbilie kusema ni premiamu. Mara nyingi si yenyewe.

Viishio vingi vipya vinauzwa kwa bei ya ofa mwaka wa kwanza, dola mbili au tatu, kisha bei ya kawaida inakuja mwaka wa pili, ikawa dola thelathini au zaidi. Jina ni la kawaida kabisa, ila mwanzo lilikuwa na punguzo. Jaribio ni rahisi: tafuta jina lolote la ovyo, refu, lisilo na maana, kwenye kiishio kilekile, uone bei yake ya kuhuisha. Ikilingana na ya mteja wako, hakuna premiamu hapo, kuna ofa iliyokwisha. Isipolingana, jina lako lina daraja lake.

Uwezekano mwingine ni msimamizi kupandisha bei ya kiishio kizima. Kwa viishio vinavyofuata mkataba wa msingi wa ICANN, lazima awaarifu wasajili siku 180 kabla ya kupandisha bei ya kuhuisha. Mwaka 2017 Uniregistry ilitangaza kupandisha viishio vyake kadhaa, .hosting kikiwa kimoja, na waliosoma tangazo mapema walipata nafasi ya kuhuisha kwa miaka mingi kabla bei mpya haijaanza, maana jina linaweza kulipiwa hadi miaka kumi mbele. Tangazo la namna hiyo linafika kwa msajili, msajili analituma kwa wachuuzi wake kwa barua pepe ndefu, na sisi tunaifuta pamoja na matangazo ya sikukuu. Fungua sanduku lako uone.

Halafu kuna kosa la upande wa pili, ambalo hakuna mteja atakayekuja kukuambia. Jina lilikuwa la premiamu ya mara moja, programu yako ikahifadhi bei ya mwaka wa kwanza kama bei ya kila mwaka, na sasa unamtoza mtu dola 400 kwa kitu kinachokugharimu 25. Mwenzangu mmoja alikaa miaka miwili akipokea pesa hiyo bila kujua. Alipojua alinipigia simu usiku, sauti chini, kana kwamba ameiba. Akamrudishia mteja kwa kumwongezea miaka ya upangishaji. Sijui kama mimi ningekuwa na wepesi huo, lakini njia ni hiyo.

Angalia pia TVA, kodi ya ongezeko la thamani. Asilimia 16 juu ya dola 18 haionekani. Juu ya 145 ni zaidi ya dola 23. Kama bei uliyomtajia mteja mwaka jana haikuwa nayo na ankara ya mwaka huu inayo, umejitengenezea ugomvi usio na uhusiano na domeni.

Dalili: agizo la kuhuisha linarudi na kosa

Hapa ni bora kuliko dalili ya kwanza, kwa sababu mfumo unakukinga. Msajili akikupa namba ya EPP pamoja na kosa, namba inasema karibu kila kitu. 2104 ni malipo yameshindikana: salio halitoshi. Usishangae kuipata ukiwa na dola 80 kwenye akaunti, kama jina linataka 130. 2004 maana yake thamani uliyotuma iko nje ya kinachokubalika. Kwa domeni ya premiamu, mara nyingi ni kwamba programu yako imetuma ada ya kawaida na msimamizi anasubiri ada kubwa. Hiyo si hitilafu. Ni mlinzi wa getini anayekuuliza kama kweli unajua unacholipa. 2003 ni kwamba ada yenyewe haikutumwa kabisa, na hapo kosa huwa kwenye kiunganishi cha programu yako, ambacho pengine ni toleo la zamani. 2105 ni jina lisiloweza kuhuishwa kwa sasa, kwa mfano limefika ukomo wa miaka kumi.

Ukipata 2004 usianze kubadilisha kiasi kwa kubahatisha mpaka kipite. Uliza bei, mpelekee mteja, pata jibu lake, kisha tuma.

Kuhusu kujaza salio kwa haraka, kila mtu ana njia zake. Kadi ina kikomo cha siku, pesa ya simu inataka mtu wa kati, na hawala ya benki haifiki siku hiyohiyo. Mimi sasa naweka akiba ya premiamu mbali na salio la kazi za kila siku: pesa ya jina kubwa naiingiza kwa msajili siku ileile ninayotuma agizo, isije ikala .com za watu.

Dalili: umehamisha jina la mteja kwako na limekugharimu mara kumi

Uhamisho wa domeni kwenye viishio vingi unaongeza mwaka mmoja, na mwaka huo unalipiwa kwa bei ya jina. Kwa jina la premiamu la kila mwaka, kuhamisha kunagharimu karibu sawa na kuhuisha. Ukimwambia mteja kwamba kuhamia kwako ni dola 15, umeuza kabla ya kujua umeuza nini. Muulize alilipa kiasi gani mwaka jana, mwombe ankara ya muuzaji wake wa zamani, kisha uliza bei ya uhamisho kwa msajili wako. Jina likikataliwa moja kwa moja, huenda msajili wako hauzi premiamu za kiishio hicho, na hapo hakuna la kufanya ila kuliacha lilipo na kuelekeza tu kwako seva za majina, zile zinazoonyesha tovuti iko kwenye kompyuta gani. Mteja hataona tofauti.

Dalili: jina limeisha muda, na bei ya kulirudisha inatisha

Anza na saa. Muda wa domeni huandikwa kwa saa za UTC, na Lubumbashi iko saa mbili mbele. Jina linaloisha tarehe 14 saa 23:59 ya UTC, hapa linaisha tarehe 15, karibu saa nane usiku. Linakupa masaa mawili ya ziada, lakini usiyategemee, kwa sababu wasajili wengi hukata pesa au kuzima jina kwa ratiba zao wenyewe.

Baada ya hapo kuna ngazi. Kwenye viishio vya ICANN, msimamizi anampa msajili hadi siku 45 za neema. Ndani yake msajili anaweza kukuruhusu uhuishe kwa bei ya kuhuisha tu. Nasema hadi, maana msajili anaweza kulifuta mapema zaidi, na wapo wanaofanya hivyo. Likifutwa linaingia siku 30 za ukombozi, na hapo kuna ada ya kulikomboa juu ya bei ya kuhuisha. Kwa jina la kawaida unajuta. Kwa jina la premiamu ya kila mwaka unalipa zote mbili, ya ukombozi na ile kubwa, kwa mkupuo. Baada ya hapo kuna siku 5 za kusubiri kufutwa, ambazo hata ukija na gunia la dola hazikusaidii.

Watu wengine hunishauri: liache lidondoke, tutaliandikisha upya kwa bei ya chini. Ni ushauri wa hatari mara mbili. Kwanza, majina mazuri yana watu wanaoyavizia kwa mashine. Pili, na hili wengi hawalijui, jina linaweza kuwa liliandikishwa zamani kwa bei ya kawaida, kisha msimamizi akalipanga kwenye daraja la premiamu. Maadamu mteja wako analishikilia, anaendelea na bei yake ya zamani. Siku likidondoka linarudi sokoni na bei ya daraja. Nimemwona fundi mmoja akiokoa dola 80 za ukombozi, kisha akakuta jina linauzwa kwa 600.

Dalili: mteja anasema hakuambiwa

Na mara nyingi ni kweli.

Mkataba wa msingi wa ICANN kwa viishio vipya, kifungu cha 2.10, unamtaka msimamizi awe na bei sawa ya kuhuisha kwa wote. Anaruhusiwa kutoza zaidi kwa jina fulani ikiwa mwandikishwaji, yaani mwenye jina, alikubali waziwazi, wakati wa kuandikisha, baada ya kuonyeshwa bei hiyo ya juu kwa namna inayoonekana vizuri. Soma tena sharti hilo ukijiweka mahali pa mama wa vitenge. Nani alionyeshwa? Mimi. Nani alibonyeza kukubali? Mimi, kwa niaba yake, na chai mkononi. Msimamizi alitimiza wajibu wake, msajili akatimiza wake, taarifa ikashuka ngazi mpaka kwenye meza yangu, ikaishia hapo.

Sera ya ICANN kuhusu domeni zilizoisha muda, inayofanya kazi tangu 31 Agosti 2013, inamtaka msajili atume ukumbusho karibu mwezi mmoja kabla, karibu wiki moja kabla, na mwingine ndani ya siku tano baada ya jina kuisha. Pia inamtaka ahakikishe ada za kuhuisha na za kurudisha zinaonyeshwa kwenye tovuti za wachuuzi wake. Ndiyo, zetu sisi. Fungua tovuti yako uone kama zipo. Na vile vikumbusho vinakwenda kwa barua pepe ya mwandikishwaji, ambayo wengi wetu tumejaza yetu kwa sababu mteja alikuja bila anwani. Basi tunajikumbusha wenyewe, kisha tunapuuza.

Kwa .cd, kiishio cha Kongo yetu, na viishio vingine vya nchi, kifungu hicho hakihusiki. Kila nchi ina masharti yake; soma ya msajili wako kabla ya kumwahidi mtu.

Kama kweli una ushahidi kwamba bei ya kuhuisha haikuonyeshwa popote wakati wa kununua, mwandikie msajili, taja kifungu, ambatisha ankara ya kwanza na tarehe. Kama ilionyeshwa kwako nawe hukuipeleka mbele, barua hiyo itakupotezea muda. Kaa na mteja.

Ujumbe ninaoutuma sasa kabla ya kununua jina lolote la namna hii ni mfupi, na ninasubiri jibu kwa maandishi: “Mama, jina ulilochagua lina bei ya pekee. Mwaka wa kwanza dola 145, na kila mwaka dola 145, si 18. Usipolipa litachukuliwa na mwingine. Tuendelee au tutafute jina lingine?” Karibu nusu wanatafuta lingine. Ni biashara ndogo kwangu, lakini nalala.

Faida nayo iangalie. Ukiwa umeweka asilimia 40 juu ya kila domeni, kwa .com unapata dola nne na nusu hivi. Kwa jina la dola 900 utamtoza mtu 360 zaidi kwa kazi ileile ya kubonyeza mara mbili. Mimi naweka kiasi kisichobadilika, na juu yake asilimia ndogo ya kufidia makato ya kadi, basi.

Dalili: umekwisha huisha kwa bahati mbaya

Hapa saa inakimbia. Kwenye viishio vingi kuna siku 5 baada ya agizo la kuhuisha ambazo msimamizi anaweza kumrudishia msajili pesa. Lakini njia ya kuzirudisha ni kulifuta jina, na jina lililofutwa linaingia kwenye ukombozi. Hakuna kitufe cha kurudisha mwaka mmoja nyuma na kubaki na jina. Aidha, kama msajili atakurudishia wewe kile alichorudishiwa yeye, na kama premiamu zimo kwenye utaratibu huo, inategemea masharti yake.

Niliuliza Jumatatu ileile. Jibu lilikuja saa kumi jioni: inawezekana, kwa kulifuta. Nikampigia mama, akaja biro na vitambaa viwili begani.

“Papa, fakitire ilikuwa dola kumi na munane. Nimelipa. Sasa hii ingine inatoka wapi?”

Nikamweleza mpaka mwisho, na mstari wa kijivu pia. Akauliza kama akikataa jina linapotea. Nikasema ndiyo, na kwamba kosa ni langu, haliko kwake. Alikaa kimya, akaangalia kadi zake za duka alizochapisha mia tano, zenye jina lile kwa herufi za dhahabu.

“Usifute.”

Tofauti ilikuwa dola 112. Tuligawana, 56 kwake na 56 kwangu, naye akalipa mara tatu: 20, kisha 16, kisha 20. Mwaka uliofuata alilipa 145 wiki tano kabla ya tarehe. Ile noti ya mwisho ya ishirini ilikuwa na mpasuko mdogo pembeni, wabadilisha pesa watatu wakaikataa. Iko ndani ya daftari, kwenye ukurasa wa jina lake.